Watatu Kati ya Wanne

Asubuhi ya Jumanne maji yalikuwa yameingia chooni. Kowsar ndiye aliyeyaona kwanza, alipotoka na birika la kutawadhia kabla jua halijachomoza. Alikanyaga ubaridi mahali ambapo jana palikuwa na vumbi, akasimama, akapandisha deraa lake na kutazama. Migomba ya upande wa chini ilikuwa ndani ya maji hadi nusu. Pampu ya kumwagilia haikuonekana kabisa. Hakupiga kelele. Alirudi ndani ya nyumba ya mabati, akapita juu ya watoto wanne waliolala kwenye mkeka mmoja, akamgusa wifi yake begani.

"Abaayo, dada, amka. Mto umetoka."

Idman aliketi. Yeye alikuwa mtu wa Eldas, nchi kavu isiyo na mto, na hakuelewa mto unatokaje.

"Umetoka umekwenda wapi?"

"Umekuja kwetu," Kowsar alisema.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Deeq, mume wa Kowsar na kaka yake Idman, alikuwa karani katika ofisi moja mjini Garissa, na kila shule zilipofungwa aliwahamishia wanawe kwenye shamba lake la ekari mbili kando ya Tana, ili waepuke joto la nyumba ya kupanga. Mwaka huu alimpigia dada yake simu akamwambia alete wanawe nao waone maji. Idman alimwacha mumewe Warsame na ngamia, akapanda basi na watoto wawili: Nimo, msichana wa miaka saba, na Shuaib, mvulana wa miaka minne. Wakawakuta Ilwad, msichana wa miaka minane, na mdogo wake Keynan wa miaka mitano, wote wawili wakijua kuogelea kwenye mfereji wa shamba kama vyura.

Siku ya kwanza Shuaib alisimama ukingoni akauliza, "Haya maji ni ya nani?" Kwao kisima kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na karani. Aliambiwa si ya mtu. Hakuamini. Kwa siku kumi na moja, kila alipotaka kuingia mferejini, alimwendea mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu akaomba ruhusa.

Zilikuwa siku nzuri kwa watoto. Walikula mapapai hadi matumbo yakauma, wakalala mchana chini ya chandarua, wakarudi tena majini. Kwa mama zao hazikuwa nzuri sana. Kowsar alikuwa na mimba ya miezi sita na mgongo ulimsumbua, na alikuwa na desturi zake za mjini. Alitenga vikombe viwili vya bati kwa watoto wa Idman kwa sababu Nimo alikuwa na kikohozi. Siku moja alimwosha Nimo kichwa kwa dawa ya chawa mbele ya wanawake waliokuja kununua ndizi, naye mtoto hakuwa na hata chawa mmoja. Idman alimkausha mtoto kichwa kwa shungi lake. Alikuwa mgeni, na nyumba ilikuwa ya kaka yake.

Wavulana wao hawakujua habari za vikombe. Shuaib alikuwa na mwili mkubwa kuliko umri wake, hivyo wakawa sawa kwa kimo yeye na Keynan. Ijumaa iliyopita Deeq aliwakalisha kwenye kigoda kimoja, mmoja baada ya mwingine, akawanyoa vipara. Tangu hapo Ilwad alikuwa akiwaita kwa majina yaliyobadilishwa kusudi, na wote wawili walikuwa wakiitika.

Jumatatu asubuhi Deeq alikwenda kazini kwa pikipiki. Jioni mvua ya juu, mvua ambayo wao hawakuiona hata tone, ilijaza korongo lililokata njia ya kuelekea barabarani. Hakuweza kurudi. Kibarua wa shamba alikuwa ameaga tangu Jumapili, aliposikia redio ikiwaonya watu wa kando ya mto. Kowsar naye aliisikia redio ile. Alimuuliza mumewe, na mumewe akasema kila mwaka wanatangaza hivyohivyo.

*

Saa mbili asubuhi maji yalifika kizingitini. Kowsar alishika simu kwa mikono miwili.

"Msijaribu njia," Deeq alikuwa akisema. Sauti yake ilikuwa juu kuliko kawaida. "Korongo limemchukua mtu na punda wake. Unanisikia? Nimeletwa kwa lori mpaka hapa shuleni, pale mwinukoni, watu wote wako hapa. Nimepata mtu mwenye mtumbwi. Anaitwa Komora, Mpokomo, anaujua mto. Anakuja. Pandeni juu ya kitu mkae."

Kitu pekee cha kupanda kilikuwa jukwaa la tangi la maji, magogo yaliyofungwa kwa nyaya, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Waliwapandisha watoto, wakapandisha unga, blanketi na jiko. Mwanzoni watoto walidhani ni mchezo. Keynan alikuwa ameachilia kandambili zielee chumbani na alilia alipozuiwa kuzifuata. Kisha nyoka wa rangi ya majani makavu alikuja akiogelea, kichwa kikiwa nje ya maji, akajizungusha kwenye nguzo moja ya jukwaa, akatulia. Ilwad alimwona akamwonyesha mama yake kwa kidole. Kuanzia hapo hakuna mtoto aliyecheza.

Idman alimfukuza nyoka kwa mwiko wa ugali. Alikuwa ameshaua nyoka wengi maishani mwake, lakini siku zote akiwa amesimama juu ya ardhi.

Komora alitokea saa nne, akisukuma mtumbwi kwa upondo kati ya migomba. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, aliyevaa kaptula na fulana ya timu ya mpira. Aliufunga mtumbwi kwenye nguzo akawahesabu kwa macho.

"Salaam aleikum, akina mama. Nitasema ukweli. Chombo hiki ni kidogo. Watoto wanne na mtu mzima mmoja, basi. Mwingine nitamrudia. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi."

Wanawake walitazamana. Walizungumza Kisomali, haraka, na Komora akageuka upande kwa adabu.

"Nenda wewe," Kowsar alisema. "Shamba ni langu. Nitabaki na vitu."

"Vitu gani? Wewe una mtoto tumboni."

"Na wewe watoto wako watakulilia."

Idman alitazama upande ambao mtumbwi ungeelekea. Hakukuwa na kitu ila maji ya rangi ya chai ya maziwa na vichwa vya miti. Kule shuleni kulikuwa na watu wenye daftari na maswali ya Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko la mbuzi. Kama lolote lingetokea, asingejua amwambie nani, wala kwa maneno gani.

"Nenda nao," alisema. "Wewe unajua kuzungumza na watu. Watoto wangu ni amana kwako."

"Usiseme maneno hayo. Ni safari ya nusu saa."

"Nimeshayasema."

Waliwashusha mmoja mmoja. Ilwad mbele, Nimo nyuma yake, kisha Kowsar katikati, mvulana mmoja kila upande. Shuaib alimwinulia mama yake uso. "Hooyo, tumeomba ruhusa?" Idman alimwambia ndiyo, wameomba. Mtumbwi ulipita kwenye ncha za ua la miiba, ukageuka nyuma ya mti mkubwa, na vipara viwili vilikuwa vitu vya mwisho kuonekana.

*

Nusu saa ilipita. Idman alijua kwa sababu alikuwa akitazama simu yake ndogo, ambayo betri yake ilikuwa imebaki mstari mmoja. Saa moja ilipita. Maji yalipanda gogo jingine. Ndani ya nyumba vitu vilikuwa vikigongana na mabati, polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Simu iliita saa sita kasorobo.

"Mmeshafika wapi?" Deeq aliuliza.

Idman hakuelewa. "Mimi niko hapa kwenye tangi."

"Peke yako?"

"Wametangulia. Kowsar na watoto wote. Wametoka saa nne."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watu wengi, lakini sauti ya kaka yake haikuwemo. Alingoja. Alidhani laini imekatika.

"Deeq?"

"Hapa hawajafika," Deeq alisema, na simu ikazima.

Aliibonyeza. Aliipangusa kwenye shungi lake, akatoa betri akaipasha joto kwapani kama alivyowaona vijana wakifanya, akairudisha. Haikuwaka. Aliiweka chini taratibu, juu ya blanketi.

Kisha hakukuwa na la kufanya. Kwao hatari ilikuwa na upande wa kuikimbia: kama ni fisi unawasha moto, kama ni kiu unahama. Hapa alikuwa na hatua mbili za kwenda mbele na mbili za kurudi. Aliita majina. Aliyaita kwa zamu, Nimo, Shuaib, Nimo, Shuaib, na baada ya muda akatambua kwamba wale wengine wawili hajawaita hata mara moja. Akawaita nao. Sauti yake ilikwenda juu ya maji na haikugonga kitu.

Alasiri alisali akiwa ameketi, kwa kuwa magogo yalikuwa yanacheza. Alikuwa bado kwenye sijda aliposikia injini.

Ilikuwa boti kubwa ya plastiki ngumu, na ndani yake dereva aliyevaa koti la kuokolea la rangi ya machungwa. Komora alikuwa ameketi mbele. Fulana yake ilikuwa imechanika kutoka begani hadi kiunoni na alikuwa na mikwaruzo usoni. Hakuinua macho.

"Watoto iko wapi?" Idman aliuliza kwa Kiswahili.

"Wako shuleni, mama. Panda."

"Yote?"

"Panda kwanza, mama. Hilo jukwaa litaanguka."

"Mimi habana banda. Sema kwanza. Yote nne?"

Komora alishika nguzo kwa mkono mmoja. "Watatu," alisema. "Tuligonga kisiki. Tulilala upande. Niliwapata wasichana wawili, mama yao akampata mvulana mmoja. Yule mwingine maji yalimchukua. Bado wanamtafuta."

"Mfulana gani?"

"Sijui majina yao."

"Ya kwangu ama ya Kowsar? Iko na shati rangi gani?"

"Mama, tulikaa kwenye miti ya mathenge zaidi ya saa tatu. Nguo zilichanika. Hawa wenye boti walipotuokota waliwavua watoto wakawafunga mashuka." Alimeza mate. "Ni mvulana mwenye kipara. Kiasi hiki." Akaonyesha kimo kwa kiganja, na kimo kile kilikuwa cha wote wawili.

Idman alishuka. Hakukumbuka baadaye alivyoshuka. Aliketi katikati ya boti, dereva akamvisha koti kama hilo lake, akamfunga kamba kifuani kama anayemfunga mtoto, naye akaacha afungwe. Boti ikaondoka. Kulikuwa na mbuzi wafu wamenasa kwenye matawi, na mtungi wa gesi ulioelea wima, na kila kitu cheusi cha mviringo kilikuwa kichwa mpaka walipokikaribia.

Alikuwa akiomba tangu walipoondoka. Ya Allah, awe Shuaib aliyefika. Ya Allah, mtoto aliyefungwa shuka awe Shuaib. Aliomba hivyo mara nyingi, midomo ikienda mbio, hadi alipoisikia nusu ya pili ya dua yake. Kama aliyefika ni Shuaib, aliyechukuliwa ni Keynan. Alikuwa akimwomba Mungu mtoto wa kaka yake awe ndiye aliyekufa. Alijua, na hakuiacha dua ile. Aliirudia mpaka boti ikagusa ardhi.

*

Darasa walilopewa watu wa mashambani lilikuwa la chekechea, lenye herufi za rangi ukutani. Idman alisimama mlangoni. Nimo alimkimbilia akamshika miguu. Nyuma ya Nimo, juu ya mkeka, mtoto aliyefungwa shuka la bluu alikuwa akila biskuti kwa makini sana.

Alikuwa Shuaib.

Idman alimwinua akamnusa shingo, nyuma ya masikio, nywele zilizoanza kuota. Alisikia kitu kikubwa kikimfunguka kifuani, kitamu, na alipofungua macho akamwona Kowsar.

Kowsar alikuwa ameketi akiegemea ukuta, kichwa cha Ilwad kikiwa pajani mwake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, na ule wa kushoto aliuweka juu ya sakafu, umefunguka, kiganja juu. Hakulia. Alimtazama Idman na mtoto wake, kisha akatazama mlango.

Deeq aliingia akiwa amelowa hadi kifuani. Alikuwa ameshuka majini mara tatu kwa kamba na kurudishwa mara tatu. Alimwona dada yake, akamgusa kichwa Shuaib. Kisha akamgeukia mkewe.

"Niambie tena," alisema.

"Deeq, nimekwambia mara mbili."

"Niambie tena ulivyofanya."

"Mkono huu nilishika mtumbwi," Kowsar alisema. "Huu nilimshika mtoto."

"Mtoto huyu."

"Mtoto huyu."

"Na Keynan alikuwa upande gani?"

Kowsar alikikunja kiganja cha kushoto. Watu kumi na tano darasani waliacha kuzungumza. Deeq alimtazama Shuaib, ambaye alikuwa mtoto wa dada yake, damu yake, na ambaye yeye mwenyewe alimnyoa nywele Ijumaa. Uso wake ulikunjamana vibaya. Alitoka nje.

Baada yake aliingia msichana mwenye kofia ya shirika la misaada, amebeba orodha. Alichuchumaa mbele ya Kowsar na kalamu.

"Kaya yenu mna watoto wangapi, mama?"

"Wanne."

Msichana alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Naona watatu."

"Wanne," Kowsar alisema.

"Mama, mablanketi yanatolewa kwa wanaoonekana. Nikiandika wanne nitaulizwa." Hakusema kwa ukali. Alikuwa na vyumba vinane mbele yake. "Nitaweka watatu, tutarekebisha baadaye." Akaandika, akamgeuzia karatasi, na Kowsar akatia sahihi kwa mkono wenye bandeji.

Baada ya Magharibi, mwalimu wa chuo cha Kurani wa kijiji cha jirani, mtu mpole aliyeitwa Maalim Ahmednoor, aliwahutubia watu uwanjani. Alizungumza juu ya subira. Kisha akasema kwamba miongoni mwao yuko mwanamke aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake, na ilipofika saa ya kuchagua kati ya mtoto wa tumbo lake na amana, alichagua amana. Wanawake walilia. Mmoja, Fatumo, aliyekuwa na duka na hakuwahi kumsalimia Kowsar, alikuja akambusu kichwani. Mwingine alimletea uji wenye maziwa. Kowsar aliushika uji mpaka ukapoa, kisha akamnywesha Ilwad.

Idman aliyaona yote hayo kutoka pembeni. Kila mtu aliyembusu Kowsar alimtazama Shuaib baadaye, kidogo tu, kama bei inavyotazamwa. Alimfunika mtoto shuka hadi kichwani.

*

Alfajiri, baada ya swala, Idman alimkuta Kowsar peke yake ukingoni, pale maji yalipokomea kwenye goli la uwanja wa mpira. Yalikuwa yamepungua kwa shubiri moja, yameacha mstari wa takataka. Idman alisimama karibu naye. Alikuwa hajalala, na alijua kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Komora aliponiambia ni mvulana mmoja," alisema, "hakujua ni yupi. Njia nzima nilikuwa naomba."

"Kila mtu angeomba."

"Sikiliza nilichoomba. Niliomba aliyepotea awe wako. Nilijua ninachoomba, Kowsar. Nikakiomba tena."

Kowsar alitazama maji. Ndege weupe walikuwa wametua juu ya goli. Idman alingoja apigwe, au atemewe mate, na alikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Nilidhani ni Keynan," Kowsar alisema.

"Nini?"

"Tulipopinduka sikuona kitu. Tope limenijaa machoni. Mkono wangu ukagusa kichwa, kipara, upande wa kushoto, na Keynan nilikuwa nimemweka kushoto. Nikashika. Nikasema, huyu ninaye, alhamdulillah, huyu wangu ninaye. Wako sikumkumbuka. Wallahi sikumkumbuka kabisa." Alizungumza polepole, bila kupumzika. "Mtumbwi uliponasa kwenye mathenge ndipo nikampangusa uso. Akaniambia, 'Habaryar, nimekunywa maji.' Nikajua kwa sauti, na kwa kuniita mama mdogo. Unajua nilifanya nini? Mkono wangu ulilegea. Kidogo tu, kisha nikamkaza tena. Lakini ulilegea, na yeye aliusikia. Alinitazama."

Idman aliketi chini, juu ya nyasi zenye matope.

"Na wao wananibusu kichwa," Kowsar alisema. "Maalim ananisifu mbele ya mume wangu. Deeq anadhani nilimchagua. Nimwambie nini? Nikisema ukweli nitakuwa mwanamke aliyetaka kumwacha wako. Nikinyamaza ni mama aliyemwacha wake."

"Ulimkaza tena," Idman alisema.

"Ndiyo."

"Basi."

Kowsar aliketi pia, kwa shida, akishika tumbo. Hawakushikana mikono. Walikaa bega kwa bega wakitazama mahali maji yalipokuwa yanakwenda, mpaka watoto wakaamka na kuanza kuwaita.

*

Simu ilikuja kwa Deeq saa nne. Mtu wa ng'ambo ya mto, sauti asiyoijua, alisema kwamba wakulima wamemshusha mtoto kutoka juu ya mti, mtoto wa kiume. Deeq aliuliza yu hai? Mtu yule akasema anapumua lakini hasemi. Deeq aliuliza ana nini, amevaa nini? Hajavaa kitu, mtu yule akasema, ana kipara. Deeq alikwenda na boti ya dereva wa koti la machungwa na hakumwambia mkewe neno ila, "Ngoja." Alikuwa ameshasikia kwamba watoto wengine walipotea jana, juu na chini ya mto, na wengine wao pia walikuwa wavulana.

Kowsar alingoja mlangoni mwa darasa tangu saa nne hadi baada ya adhuhuri. Hakukubali kuketi. Idman alisimama naye, na kila sauti ya injini ilipopita mbali aliona mishipa ya shingo ya wifi yake ikisimama.

Deeq alikuja akitembea kupitia uwanjani, amembeba mtoto kifuani ndani ya shati lake mwenyewe. Watu walimfuata nyuma. Kowsar alitaka kukimbia lakini hakuweza. Alipiga hatua tatu akapiga magoti.

Alikuwa Keynan. Miiba ilimchana miguu yote, na jicho moja lilikuwa limevimba likafumba. Alikuwa ameushika mti mmoja tangu jana mchana hadi asubuhi ile. Deeq alimshusha mbele ya mama yake. Mtoto alisimama. Kowsar alinyoosha mikono, na Keynan hakuingia ndani yake. Alirudi nyuma mpaka akagusa miguu ya baba yake.

"Hooyo," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aokotwe. "Mbona ulimshika Shuaib?"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni na madirishani. Maalim Ahmednoor alisogea mbele, uso wake umejaa furaha na machozi, akainua mkono. "Mwanangu, mama yako alitunza amana, na Mwenyezi Mungu amemrudishia—"

"Hapana, Maalim," Kowsar alisema.

Alikuwa bado amepiga magoti, na hakuangalia mtu mwingine yeyote, si Maalim, si Fatumo wala mumewe.

"Nilidhani ni wewe," alimwambia mtoto. "Sikuona. Nilishika kichwa nikadhani ni chako. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Maalim aliushusha mkono. Nyuma yake mwanamke alinong'ona kitu, na mwingine akamjibu, na Fatumo akaangalia chini. Deeq alifumba macho. Idman alihisi nyuso zikimgeukia yeye sasa, zikitaka kuona mama wa yule mwingine atafanya nini, na akamshika Shuaib mkono akamsogeza mbele, mahali ambapo Keynan angeweza kumwona vizuri.

Keynan alimtazama kwa jicho lake moja, kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka. Alinyoosha mkono uliojaa miiba akampapasa Shuaib kipara, kisha akajipapasa chake.

"Ni sawasawa," alisema, na akaenda kwa mama yake.